Naomba ushauri: kanda na karatasi za enzi za kudai vyama vingi

Hamjambo ndugu zangu. Marehemu baba aliniachia sanduku hapa Kondele, Kisumu: kanda za kaseti, vipeperushi na daftari la mikutano, kuanzia maandamano ya Saba Saba (Julai 7) ya 1990 hadi kifungu cha 2A cha katiba ya Kenya, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilipofutwa Desemba 1991. Karatasi nimeshaskani kwa dpi 600, nakala ziko kwenye diski mbili. Kanda ndizo zinanitesa. Moja imeota ukungu, naogopa kuicheza. Fundi redio alitaka kuipangusa kwa spiriti, nikamnyang'anya!

Je, ukungu huo husafishwaje bila kuharibu sauti? Na daftari lina majina ya watu, wengine wangali hai: nikiliweka mtandaoni, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inanitaka niombe idhini ya kila mmoja?