Ekari 14 za shule Kigamboni: nagawaje jamii za mimea kwenye ramani?

Mwl_Kigamboni
Habari za jioni wanajukwaa. Nafundisha baiolojia sekondari moja huku Kigamboni. Shule ina ekari 14. Madarasa, mabweni na uwanja wa mpira vimekula kama nne. Zilizobaki hajazigusa mtu, ukiacha mama wa jikoni wanaookota kuni na watoro wanaojificha wakati wa hesabu.

Nina wanafunzi 22 wa klabu ya mazingira. Wiki tatu tumezunguka, daftari lina majina 61, na bado sina ramani, maana orodha haisemi nani anakaa wapi. Chini kwenye mkondo wa maji ya chumvi ni mikoko, hapo sina shida. Ukipanda kidogo kuna nyasi na mikoche imesimama mmoja mmoja. Juu kabisa ni kichaka kizito, mikwaju na mibungo imejisokota humo hata mbuzi hapiti. Tatizo langu ni kati ya mikoche na kichaka. Nilimwambia kijana mmoja asimame pale anapoona kichaka kinaanza, kisha nikamwita wa pili bila kuona mwenzake aliposimama. Wakaachana hatua 40, na kila mmoja ana hoja!

Halafu kuna miarobaini iliyojiotea yenyewe. Niihesabu uoto wa asili?

Nina haraka kidogo. Kamati ya shule inataka "pori" lile lisafishwe tulime mihogo, na kwao kuanzia mkondoni hadi juu ni pori tu. Nataka ramani kabla ya masika. Tafadhali msinielekeze kwenye programu za simu za kutambua mimea, tuliyojaribu ilisema mkandaa ni mpera.

MzeeWaMisitu
Mwalimu, nimepima misitu mpaka nikastaafu, na kosa lako tulilifanya wote: unaanza na mti halafu unautafutia eneo. Anza na kipande cha ardhi. Kamba na vigingi vinne, mita kumi kwa kumi, andika kila kilichomo na kimefunika kiasi gani. Yule Mswisi Braun-Blanquet alituachia kipimo rahisi: namba 1 ni chini ya asilimia 5, namba 2 ni hadi asilimia 25, namba 3 hadi 50, namba 4 hadi 75, namba 5 ni zaidi ya hapo. Vijana wataweza kwa macho tu. Kwenye nyasi tupu mita moja kwa moja inatosha. Usipojua ukubwa unaofaa, anza kidogo, ongeza eneo mara mbili, tena mara mbili. Majina mapya yakikoma kuongezeka, basi.

Ukishapata vipande kama 15 vipange mezani. Mimea inayorudi pamoja kipande baada ya kipande, hiyo ndiyo jamii.

Mikoko nayo usiipite haraka. Mlilana hukaa mbele unakopigwa na maji, mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui hufuata, mkandaa nyuma yake. Mchu utaukuta upande wa nchi kavu kwenye chumvi kali, ila usishangae kuuona na mbele pia. Waambie watoto walambe jani la mchu, chumvi iko juu ya jani. Lakini wasikate kitu: mikoko ya nchi hii ni msitu wa hifadhi, haimo kwenye ekari zenu hata kama uzio unasema hivyo.

juma_wa_mbagala
Mwarobaini unatibu kila kitu, kwa nini mnataka kuuondoa kwenye ramani? 😂

MzeeWaMisitu
Hakuna anayeuondoa kijana. Asili yake Bara Hindi, unaandikwa kama mgeni. Mahali ulipofunika nusu ya kipande upewe rangi yake, kamati ione unavyotambaa.

DadaRamani
Mwalimu, mimi ni mpima. Simu yako ikisoma mahali ulipo, kwenye uwazi inakosea mita tano hivi, chini ya kichaka zaidi. Kwa hiyo mstari mwembamba kama uzi utakuwa unadanganya hata kama vijana wangekubaliana. Hatua 40 ni kama mita 30, hizo zinachoreka! Fanyeni ukanda wenye rangi yake, muuwekee vipande vitatu vinne.

La pili, ukichukua ramani ya zamani ya serikali ya 1:50,000 uiweke chini ya alama zako, angalia. Ile imepimwa kwa Arc 1960, simu inatumia WGS 84; ni mifumo miwili tofauti ya kuhesabu mahali, na pointi ile ile inaachana kama mita 300. Mimi nilishapeleka kazi ambayo kisima cha mteja kilikuwa baharini. Kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani kwa kompyuta, chagua UTM (mfumo unaoigawa dunia kwa kanda) kanda ya 37 kusini na uhakikishe kila kitu kinasoma WGS 84.

Mwl_Kigamboni
Narudi na majibu. Mzee, shikamoo na asante. Jumamosi tulipiga vipande 17, vinne ndani ya ule ukanda. Humo tumekuta mitopetope mifupi na mikwakwa, vyote vimechipua kutoka visiki. Kwenye nyasi wazi ni michache sana, ndani ya kichaka hakuna kabisa. Binti mmoja ndiye aliyeona kwamba mikoche ya upande ule ina masizi hadi usawa wa goti. Tukamwita mlinzi. Akasema bila wasiwasi kwamba kila kiangazi anachoma nyasi kwa sababu ya nyoka, na moto "unajizimia wenyewe" ukifika kwenye kivuli.

Tukapima moto unapofika na kivuli kinapoanza. Wale vijana wawili walikuwa wamesimama kwenye kingo mbili za ukanda huo, mmoja chini, mmoja juu.

MzeeWaMisitu
Marahaba. Sasa mwombe mlinzi aache nusu ya ukanda bila kuchoma mwaka huu, na vigingi usiving'oe.

DadaRamani
Na upige picha kila kigingi, simu ikitazama kaskazini.