Laptopu nzito baada ya sasisho

Dada: Shikamoo Mjomba. Laptopu ya Windows ikishasasishwa halafu ikawa nzito, dawa ni kuliondoa hilo sasisho?

Mjomba: Marahaba. Usiondoe kitu kwanza. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager (orodha ya programu zinazoendelea) ifunguke, tazama safu ya Disk. Ikisoma 100% na CPU, yaani kichakato, iko chini, diski ndiyo iliyoelemewa.

Kitindamimba: Bofya neno Disk juu ya safu, mlaji mkubwa apande juu. Windows Modules Installer Worker bado inapanga faili za sasisho. Antimalware Service Executable ni antivairasi inakagua.

Mjomba: Hao waache wamalize. Chomeka chaja, mashine isilale, ipe saa moja mbili. Kama ni diski ya kuzunguka, vuta subira zaidi: sindano yake husoma mahali pamoja tu kwa wakati, na faili ndogo ndogo maelfu zinaikimbiza huku na huko. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, haina adha hiyo.

Shangazi: Mie nazima nawasha, basi.

Mjomba: Hapo ndipo wengi wanapopotea, shemeji. Fast Startup, mpangilio wa kuwaka haraka, ikiwa imewashwa, ukizima kwa Shut down, kiini cha Windows huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kilekile. Chagua Restart.

Dada: Na diski ikiwa imejaa?

Kitindamimba: Settings, System, Storage, Temporary files. Baada ya toleo kubwa kuna folda ya Windows.old, inakula GB nyingi. Hujifuta yenyewe baada ya siku 10 hivi. Ukiifuta mapema, kurudi toleo la zamani basi tena! Msiguse Downloads kwenye orodha hiyo, ni faili zenu.

Dada: Siku nzima imepita na bado nzito?

Mjomba: Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi. Andika:
DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
Ikiisha:
sfc /scannow
Msigeuze mpangilio. sfc huchukua faili zisizoharibika kutoka ghala la Windows, na DISM ndiyo inayotengeneza ghala lenyewe. Ghala bovu, sfc itatoa wapi?

Kitindamimba: Kama sasisho linapakua bila kuisha, humo humo Command Prompt simamisha huduma mbili za masasisho: net stop wuauserv, net stop bits, ipe folda C:\Windows\SoftwareDistribution jina jingine, kisha ziwashe tena kwa net start wuauserv na net start bits. Windows itaunda mpya.

Dada: Kwa hiyo kuondoa ni mwisho kabisa.

Mjomba: Mwisho. Settings, Windows Update, Update history, Uninstall updates, chagua namba ya KB (utambulisho wa sasisho) ya siku uzito ulipoanza. Kisha sitisha masasisho wiki moja au mbili, la sivyo linarudi lilelile.

Shangazi: DISM yangu imeganda 62.3%. Nifunge dirisha?

Mjomba: Usifunge! Hapo hukaa sana, shemeji. Taa ya diski ikimetameta, kazi inaendelea.