Kuvuka maji au kuweka mbele yake? Wapiga gofu tupeane uzoefu

TiiNyeupe

Wakuu salaam. Kuna ubishi ulianza klabuni kwetu tangu Masters (yale mashindano makubwa ya Augusta, Marekani) ya Aprili 2025 na haujaisha: ukifika kwenye maji, upige uvuke, au uweke, yaani upige mfupi mpira usimame kabla ya maji? Mnakumbuka Rory McIlroy shimo la 13 pale Augusta, siku ya mwisho, anaongoza. Pa 5 (shimo la kumaliza kwa mikwaju mitano), kijito kimepita mbele ya grini, ile nyasi fupi yenye shimo. Akaamua kutulia: mkwaju wa pili akauweka mfupi, zikabaki yadi zisizofika 90, weji mkononi, ile fimbo ya masafa mafupi. Akautumbukiza kijitoni. Mbili juu ya pa. Shimo la 15, bwawa tena mbele ya grini na miti imemzibia njia, huyu huyu akachukua ayani 7 (fimbo ya chuma; namba ikiwa ndogo, mpira unakwenda mbali zaidi), akaupinda mpira ukazunguka miti, ukavuka maji, ukalala karibu na bendera. Mwisho akamshinda Justin Rose kwenye shimo la ziada.

Sasa vijana wetu wameshika hilo: alipoweka alizama, alipovuka alipona, basi tuvuke. Mimi nasema somo siyo hilo. Kuvuka au kuweka kunaamuliwa na umbali ambao mpira wako unaruka hewani siku ya kawaida, siyo ule uliopiga mara moja ukausimulia mwaka mzima. Na ukishaamua kuweka, mkwaju unaofuata bado ni wa juu ya maji, haujasamehewa. Hili la pili watu hawalizungumzi.

Tupeane uzoefu. Taja umbali, fimbo na kilichotokea. Za "ningekuwa mimi" wekeni pembeni.

KediMstaafu

Mkuu umegusa kidonda. Nimebeba mifuko ya watu Nairobi tangu nikiwa kijana, na swali la kila mteja akifika kwenye maji ni moja: "Nitafika?" Kedi hawezi kujibu hapana. Ukijibu hapana atapiga kwa hasira, na chai yako imeondoka. Kwa hiyo tulikuwa na lugha yetu. Tukisema "naona upepo umekuja mbele kidogo, bosi" maana yake haufiki. Tukisema "hii grini iko juu, ongeza fimbo moja" maana yake unajidanganya. Tukinyamaza tukaanza kufuta mpira wa pili kwa taulo, hapo ujijue mwenyewe.

Kingine, tazameni mkono. Mtu akigusa ayani 5, akairudisha, akashika hibridi, akairudisha, akachukua tena ayani 5, mpira huo ushazama kabla haujapigwa. Fimbo haina kosa. Mwili ndio haujakubali, unapunguza mwendo katikati ya mkwaju. Mipira mingi niliyoiona ikiingia majini ilikuwa imenyooka vizuri kabisa, ila mifupi.

Nilikuwa na daktari mmoja, hendikapu 16 (mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji; ikiwa ndogo, ni mpigaji bora). Kuna pa 3 ya yadi 150, yote juu ya bwawa. Wenzake wanachukua ayani 7, yeye anachukua 5 na kulenga nyuma ya grini upande wa kushoto, bendera iwe popote. Walimcheka sana. Kutoka kule nyuma ilimchukua mikwaju mitatu kuumaliza, anaandika 4, anatembea. Waliokuwa wanamcheka walikuwa bado wanahesabu vidole. Huyo mzee sikuwahi kumfutia mpira wa pili kwenye shimo lile.

Mama_Hendikapu24

Shikamoo Kedi, nimecheka hapo kwenye taulo 😂

Mimi kuvuka yadi 170 ni ndoto, kwa hiyo kwangu swali siyo nivuke au niweke, swali ni niweke wapi. Nilipoanza, nilikuwa nausogeza mpira mpaka ukingoni mwa maji nikidhani nimejirahisishia. Unabaki na yadi 40, nusu mkwaju, mikono inatetemeka, unachota udongo. Mwalimu wangu akaniambia niache kusogea. Siku hizi naweka kwenye yadi 90, nyuma kabisa, napiga weji kamili bila kubana kitu. Unaonekana mwoga ukisimama mbali vile, ila wengi walio kule mbele hawajawahi kuniuliza kwa nini mimi navuka.

Halafu tuongee hesabu. Hendikapu 24, shimo letu la maji ni pa 5, gumu namba 4 kwenye kadi, napewa mikwaju miwili ya kutoa. Tukicheza steboford, ile ya kuhesabu pointi kila shimo, nikimaliza na 7 nina pointi mbili, sawa na yule bwana asiyepewa mkwaju aliyepiga pa 5 kwa jasho. Sasa niambieni mimi navuka ili nipate nini? Ila kila Jumamosi kuna mwanaume kwenye kundi: "Mama jaribu bwana, leo umeamka vizuri."

Dogo_Draiva

Heshima kwenu wakubwa, lakini mnaongea kama kila siku ni kadi, kujumlisha mikwaju yote. Mechi ya mtu kwa mtu je? Ukizama unapoteza shimo moja tu, hata ukipiga 11. Mwenzako yuko grini kwa mikwaju miwili, bado anangoja tu kuusukuma, wewe uweke ili iweje, umpigie makofi? Mimi nilikuwa nyuma shimo moja, limebaki la mwisho, yadi 205, mbao 3, fimbo ndefu ya kupiga mbali. Nilivuka, nikashinda shimo, tukaenda kwenye la ziada. Nikafungwa huko, lakini hayo ni mengine.

TiiNyeupe

Dogo, hapo nakubaliana nawe kabisa. Kwenye mechi unaangalia mpinzani. Na hata kwenye kadi unaangalia: Masters ya 2019, shimo la 12, pa 3 ya yadi 155, Francesco Molinari anaongoza, akapiga kwanza, mpira ukarudi kwenye kijito. Tiger Woods akapiga baada yake. Bendera iko kulia kwenye sehemu nyembamba ya grini, yeye akapeleka kushoto, juu ya banka (shimo la mchanga), mbali na bendera. Akachukua pa yake, na jioni akavaa koti la bingwa. Ila swali: wewe ukiwa mbele shimo moja na mwenzako kazama, unaweka?

Dogo_Draiva

Naweka mkuu. Mimi siyo mwendawazimu.

MkenyaDXB

Nafanya kazi kwenye uwanja mmoja wa gofu hapa Dubai, siyo huu ninaoutaja. Shimo la 18 la uwanja wa Majlis, pale Emirates Golf Club, ni pa 5 inayokata kushoto na maji yako mbele ya grini. Januari 2022, siku ya mwisho ya mashindano, McIlroy alifika pale akihitaji moja chini ya pa ashinde, na pa ilikuwa inatosha kumwingiza kwenye mashimo ya ziada. Alichukua mbao 3 kutoka mbali, akazama, akaandika 6. Viktor Hovland akalichukua taji kwenye shimo la ziada dhidi ya Richard Bland.

Wateja wetu wanaipenda hiyo hadithi, kila mmoja ana maoni. Mimi naona hivi: kwa mtu kama yule kuvuka halikuwa kosa, ana fimbo ya kufika. Anayenishangaza ni mtalii wa hendikapu 20 anayetaka mbao 3 ile ile kutoka pale pale, kwa sababu aliona kwenye TV. Na kwa kuwa huku wengi wanaendesha vigari badala ya kubebewa na kedi, hakuna hata wa kumwambia upepo umekuja mbele.

BintiKisauni

Wenzangu wa bara, nyie mna tatizo jingine mkija kwetu Mombasa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unakimbia. Yadi 150 zako za huko, huku ni kama 140, tena upepo ukiwa umelala. Kusi ikivuma uso kwa uso, wallahi utaongeza fimbo mbili.

Alikuja shemeji yangu kutoka Nairobi, mpigaji mzuri, hendikapu 9. Nikamwambia shem, hii ni ayani 6 leo. Akaniangalia kwa huruma, akatoa 8. Mpira umepaa vizuri, umesimama juu ya bwawa kama unawaza, ukashuka wima. Akatoa mwingine. Ayani 8 ile ile! Akasema wa kwanza hakuupata sawasawa. Wa tatu ndipo akaniomba ile 6, na hakuniangalia usoni.

Kuna vijana wetu wanazamia mipira na kuiuza ikiwa imeoshwa. Kesho yake aliuziwa mpira wenye alama yake mwenyewe ya kalamu nyekundu. Akalipa.

Mama_Hendikapu24

Dada umenimaliza 😂😂 alilipa!

Mgeni_Lugalo

Samahani wakuu, mimi ni mpya. Nikishazama, lazima nidondoshe pale mpira ulipoingilia? Maana mimi hubaki na ile yadi 40 ya Mama hapo juu, nazama tena.

KediMstaafu

Karibu sana. Hapana, siyo lazima, na wengi wanapoteza mikwaju hapa kuliko kwenye mkwaju wa kwanza.

Adhabu ni mkwaju mmoja, halafu unachagua. Unaweza kurudi ulipopigia. Au unachora mstari kichwani kutoka kwenye shimo kupita pale mpira ulipovukia ukingo wa maji, unarudi nyuma kwenye mstari huo kadiri unavyotaka. Kama vigingi vinavyoonyesha mpaka wa maji ni vyekundu unaongezewa chaguo la pembeni: urefu wa fimbo mbili kutoka pale ulipovukia ukingo, usisogelee shimo. Vya njano havina hilo la pembeni. Tangu 2019 unadondosha kutoka usawa wa goti, siyo bega. Na mpira ukiwa ukingoni unapigika, upige tu bila adhabu, hata fimbo ikigusa chini sawa.

Sasa chukua lile la kurudi nyuma. Watu wanalisahau kwa sababu wana haraka na aibu, wanataka kudondosha karibu na maji wamalizane nayo. Wewe rudi mpaka kwenye yadi zako 90, au ngapi zile unazopiga weji kamili bila kufikiri. Wenzako watanung'unika kwamba unawachelewesha. Waache wanung'unike, ila usitembee polepole.