Sukari ya bi mkubwa imeshuka ghafla, je, vidonge vina haja tena?

Mwana Ngamiani (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za jioni. Niko Tanga mjini. Bi mkubwa ana kisukari cha muda mrefu. Kile kipimo cha miezi mitatu mwaka jana kilisoma 11.2, wiki hii kimesoma 6.1. Hapo katikati jamaa mmoja alituuzia unga wa mizizi. Anasema sukari ikizidi inang'ang'ania protini za mwili, na unga wake unaibandua. Swali langu ni dogo tu: hiyo habari ya kung'ang'ania ni ya kweli? Na kama imeshuka hivi, vidonge vya nini tena? Nawasilisha.

Mkwezi wa Pongwe
Tanga na sukari ni mtu na mdogo wake. Asubuhi chai ya maziwa na vitumbua, alasiri kaimati zinaogelea kwenye shira, usiku halua. Halafu tunauliza nani katuroga.

Bibi Shamba
Mwanangu, wazee wetu walikula mihogo ya nazi na dagaa, hata hilo jina kisukari hawakulijua. Mmeacha jembe, mnakaa kwenye viti mnabonyeza simu. Rudini kwenye asili. Huo unga mpe.

Chupa Nyekundu
Niko maabara, nijibu swali lenyewe. Ni kweli. Glukosi inanata kwenye protini yenyewe, bila kimeng'enya chochote. Maillard, Mfaransa, alieleza mwaka 1912 jinsi sukari na asidi za amino, yaani matofali ya protini, zinavyoungana zikipata joto. Andazi kubadilika rangi kwenye mafuta ni kemia hiyohiyo, ila mwilini inakwenda polepole. Mwaka 1968 Samuel Rahbar, akiwa Tehran, aliona himoglobini (protini ya chembe nyekundu za damu) ya wagonjwa wa kisukari si ya kawaida, na huko ndiko kilikotoka kipimo chenu.

Tena glukosi ni mpole. Mwili ukiichoma yanatoka mabaki makali kama methilglioksali, yanayoshambulia protini haraka zaidi, hasa pale penye arginini, moja ya hizo asidi za amino. Tuna vimeng'enya vya kuyazima, vinaitwa glioksalase, lakini sukari ikikaa juu miaka, kazi inavielemea. Kolajeni, protini ya kuta za mishipa, na protini za lenzi ya jicho hazibadilishwi haraka, kwa hiyo uharibifu unarundikana humo.

Kuhusu kubandua: ikishafika hatua ya mwisho protini zinafungana mafundo, haibanduki kirahisi. Ilitengenezwa dawa ya kuvunja mafundo hayo, alagebriamu, ikajaribiwa kwa watu, na sokoni haikufika. Muuza unga wako kaipata wapi?

Mama Wawili
Umenikumbusha marehemu baba. Vidole vilikakamaa mpaka akawa hawezi kukutanisha viganja akiomba dua. Sisi tukasema baridi yabisi, tukamsugua mafuta ya karafuu. Daktari ndiye aliyetuambia ni sukari. Macho yakafuata. Alikuwa fundi wa majahazi, mtu wa kupima mbao kwa jicho. Akawa anapapasa. Samahani nimetoka nje ya mada.

Mkwezi wa Pongwe
Hujatoka dada. Pole sana.

Chupa Nyekundu
Mwanzisha uzi, 11.2 mpaka 6.1 si mchezo. Bi mkubwa ana selimundu? Ana upungufu wa damu? Ameongezewa damu karibuni?

Mwana Ngamiani
Mbona kama niko kituoni natoa maelezo? Nimeuliza kuhusu protini na vidonge.

Chupa Nyekundu
Na mimi nakuuliza kuhusu damu.

Mwana Ngamiani
Haya. Mwezi uliopita alifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa kizazi, akaongezewa chupa tatu. Sikuona inavyohusika, damu ni damu. Na niseme kabisa, vidonge ameshaacha tangu atoke hospitali. Tulikaa kikao cha familia. Metfomini ilikuwa inamuendesha tumbo, hali, halali. Kwenye unga anakula vizuri na mwili umechangamka. Kwa hiyo msinione mjinga, tumepima pande zote.

Chupa Nyekundu
Hapo ndipo penyewe. Kipimo kile hakisomi sukari ya leo, kinasoma sukari iliyonata kwenye himoglobini, na chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Chupa tatu ni chembe za watu wengine, pengine hawana kisukari kabisa. Mmesoma sukari ya waliochangia damu, mkampongeza bi mkubwa. Mpimeni ya kidole, asubuhi kabla hajala. Kuna kipimo kingine, fruktosamini, kinachosoma protini za majimaji ya damu kwa wiki mbili tatu zilizopita, ila maabara nyingi hazina. Tumbo la metfomini lina dawa yake: daktari anaweza kupunguza dozi au kubadili aina.

Mzee wa Raskazone
Wakuu mmelala? Akaunti mpya, ugonjwa mkubwa, unga wa ajabu, majibu mazuri. Kesho atakuja mwingine kuulizia unga unapatikana wapi, keshokutwa namba ya simu. Hii hadithi imetungwa. Hata hizo chupa tatu ni nyongeza ya kutia chumvi.

Bibi Shamba
Mimi hilo nililiona mapema.

Mkwezi wa Pongwe
Bibi, wewe si ndiye uliyesema "huo unga mpe"?

Mwana Ngamiani
Tangazo gani linamweka mteja wodini? Nimetaja jina la unga? Nimetaja bei? Nimeazima mashine ya jirani, amepima alfajiri kabla ya chai: 16.4.

Chupa Nyekundu
Hiyo ndiyo ya kwake. Anakojoa sana? Ana kiu? Anatapika?

Mwana Ngamiani
Kiu ndiyo, na usiku anaamka mara nyingi. Kutapika hapana. Tulidhani ni joto la Tanga.

Mama Wawili
Mdogo wangu, hospitali ya Bombo si mbali. Mpeleke leo.

Mwana Ngamiani
Kaka yangu mkubwa yuko Muheza, ndiye aliyetoa hela ya unga. Nikimpeleka bila yeye itakuwa kesi.

Mzee wa Raskazone
Kama ni kweli, nakutaka radhi. Kama ni uongo, mpeleke hivyohivyo.

Chupa Nyekundu
Kaka mpigie ukiwa njiani. Beba pakiti ya unga uwaonyeshe, na waambie za kuongezewa damu kabla hawajakuuliza.

Mwana Ngamiani
Bajaji ipo nje. Unga tutamalizia tu lakini, umelipiwa.