Fanki na ngoma za Wagogo jukwaa moja, Arusha: ilimba haielewani na bendi, tufanyeje?

Mratibu_Njiro

Wakuu, habari za jioni. Tuna onesho Njiro, bustani ya wazi, Jumamosi ya mwisho ya Agosti, watu kama 400. Upande mmoja ni bendi ya fanki: dramu, besi, gitaa mbili, kinanda, tarumbeta, saksafoni ya aina ya tena, tromboni na mwimbaji. Upande wa pili ni kundi la Wagogo kutoka Dodoma: ilimba mbili (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), zeze, na akina mama wanne wa muheme, yaani ngoma zao. Kila upande ukipiga peke yake unapendeza sana. Wakikutana ndipo panaharibika, na zimebaki wiki tatu.

Kwanza, sauti mama (noti ya msingi) ya ilimba iko chini ya F kwa senti 25 hivi (nusu toni ina senti 100). Mpiga kinanda anataka wazee wasogeze vyuma, wazee wamekataa. Tulishusha kinanda kikalingana na ile sauti mama, lakini kodi (noti kadhaa zikipigwa pamoja) bado inasikika chafu. Pili, muheme unakwenda tatu-tatu na dramu inakwenda nne-nne. Wote wakipiga kwenye mapigo 100 kwa dakika ni vurugu. Tatu, ilimba haisikiki kabisa, na ukiipandisha spika zinapiga mluzi.

Naombeni msaada wa vitendo.

Waya_wa_Nne

Mkuu, wazee wako sahihi. Ilimba kubwa ina vyuma vinavyopigwa na vingine ambavyo kazi yake ni kuitikia tu. Ukisogeza vichache kufuata kinanda, vile vya kuitikia vinanyamaza na ala inapoteza mng'ao wake wote. Bendi ndiyo isogee.

Hiyo kodi chafu ina sababu, na ukishaijua utaona una bahati kuliko unavyodhani. Mizani (ngazi ya noti) ya Wagogo imetoka kwenye sauti za asili za uzi mmoja, zile zinazotoka uzi ukijigawa sehemu sawa: ya 4, ya 5, ya 6, ya 7, ya 8, ya 9 na ya 10. Zipange kuanzia F unapata F, A, C, Eb, F, G na A. Hiyo ni F9, kodi ya tisa, kodi ileile ambayo fanki ya Marekani imejengwa juu yake! Hakuna haja ya kulazimisha ndoa hapa. Ila A ya ilimba iko senti 14 chini ya A ya kinanda, na Eb yake iko senti 31 chini. C na G zinatofautiana kwa senti 2 hadi 4, hakuna sikio litakalolalamika. Kwa hiyo uchafu unaousikia ni noti mbili tu.

Fanyeni hivi. Programu ya kutyuni kwenye simu iwekeni A iwe 434 badala ya 440, ndizo senti 25 za kushuka. Besi, gitaa na kinanda vyote vifuate hapo. Kinanda kikipiga pamoja na ilimba kiache A na Eb, kishike F, C na G tu. Hizo mbili waachiwe ilimba, zeze na waimbaji, maana sauti ya mtu hujisogeza yenyewe.

Gitaa la rithimu linapiga F9 kwenye freti ya 8: F iko waya wa tano, A waya wa nne kwenye freti ya 7, Eb waya wa tatu, G waya wa pili. Kwa nyimbo za pamoja mlegezee waya wa tatu senti 30 na wa nne senti 14. Fanki ya James Brown ya mwisho wa miaka ya 1960 ilikuwa inaweza kukaa kodi moja wimbo karibu mzima, kwa hiyo hilo halimnyimi chochote. Lakini kodi ikihamia Bb gitaa hilo litalia vibaya, basi awe na gitaa la pili kwenye stendi.

Kama mtu anabisha, mpe gitaa la besi, apandishe waya wa E hadi F, aguse waya huo kwa wepesi, bila kukandamiza, kwenye sehemu moja ya saba ya urefu wake. Sauti itakayotoka ndiyo Eb ya wazee.

Dramu_Themi

Nijibu la mapigo. Kosa ni kuwapa wote 100. Pale muheme unagawa pigo mara tatu na haihati (matoazi ya dramu) inaligawa mara nne, mapigo madogo yanagongana kila mahali. Msilinganishe pigo kubwa. Linganisheni pigo dogo.

Dramu iwe 96 kwa dakika, ndogo nne kila pigo: 384. Muheme uwe 128, ndogo tatu kila pigo: 384. Sasa haihati, mkono wa kulia wa gitaa na mikono ya akina mama vinakwenda kwenye njia moja. Duru tatu za dramu (mapigo 12) ni duru nne za muheme (mapigo 16), sekunde 7 na nusu, halafu wote wanatua pamoja kwenye Moja, pigo la kwanza la duru.

Kuingia: bendi ikae kimya, haihati peke yake duru tatu. Mama kiongozi ahesabu tatu-tatu humo ndani, aingie kwenye Moja. Mguu wa dramu upige Moja tu, sinea ibaki ya pili na ya nne, besi ikate noti fupi. Hapo ndipo wapiga dramu wengi wanaharibu, wanaona nafasi tupu wanaijaza. Tony Allen, mpiga dramu wa Fela Kuti, alionyesha kwamba afrobiti inapata nguvu pale kila kiungo cha mpigaji kinaposema neno lake fupi na kuwaachia wengine nafasi.

Msikae hapo muda mrefu. Duru 12 za dramu, nusu dakika, zinatosha, kwa sababu mchezaji chini hajui afuate 96 au 128. Baada ya hapo dramu ihamie 128 ya muheme, gitaa la solo lifungue sebene. Ile 128 tayari ni mwendo wa sebene, watu watacheza bila kuambiwa. Na hapo mwenye mwendo ni mama kiongozi. Dramu imtazame yeye.

Saundi_Moshi

Ilimba msiiwekee maiki ya kawaida mbele mkategemea miujiza. Bandika maiki ndogo ya pieso (inayopokea mtikisiko wa mbao, si hewa) upande wa chini wa boksi, karibu na daraja la vyuma, kwa gundi laini isiyoharibu mbao. Ipitishe kwenye boksi la DI (kiunganishi cha ala na mikisa) lenye ukinzani wa kuingilia wa megaohm 1 au zaidi. DI ya kawaida isiyo na umeme ndani inainyonya pieso, inabaki sauti nyembamba kama ya bati.

Pieso haisikii ule mvumo wa utando wa buibui kwenye matundu, na huo mvumo ndio utamu wa ilimba. Ongeza maiki ndogo ya kondensa sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye tundu, sauti yake uichanganye kidogo tu na ya pieso. Kata chini ya 120 Hz kwenye zote mbili. Mluzi ukianza, tafuta masafa yake kwa ikwaliza nyembamba, shusha desibeli 6, na usikate masafa zaidi ya matatu.

Mpangilio: ilimba na zeze zikae mbali na dramu na tarumbeta, monita iwe nyuma kabisa ya maiki kama maiki ni kadioidi (isiyosikia nyuma yake). Muheme kata chini ya 100 Hz, la sivyo unameza besi na mguu wa dramu. Maiki mbili kwa ngoma nne zinatosha.

Jenereta ya kVA 20 inawatosha, lakini mkumbuke Arusha ni kama mita 1,400 juu ya bahari na injini hupungua nguvu. Taa zipewe fezi yake. Kukiwa na mngurumo, bonyeza swichi ya kukata ardhi kwenye DI. Kamwe msikate waya wa ardhi kwenye plagi, mtu atakufa ameshika gitaa.

Mratibu_Njiro

Nimewaelewa sana wakuu. Leo tumelegeza zile waya mbili na kinanda kimeacha A na Eb. Imekaa! Swali lililobaki ni ala za kupuliza. Saksafoni bado iko juu.

Waya_wa_Nne

Tarumbeta avute bomba kuu karibu sentimita moja, na mabomba ya vali ayavute kidogo kidogo. Tromboni haina tatizo. Saksafoni akivuta mdomo wa ala mpaka senti 25, noti za juu zitashuka kuliko za chini, kwa hiyo avute nusu yake na iliyobaki aishushe kwa midomo. Kwa saksafoni ya tena na tarumbeta F yenu huandikwa G, rahisi kwao.

Wapime wakiwa wameshapuliza dakika kumi. Usiku wa Agosti Arusha ni baridi, ala iliyokaa bila kupulizwa inashuka, wakati nyaya za gitaa zinapanda.

Dramu_Themi

Na umande unalegeza ngozi za muheme. Jiko la mkaa liwepo nyuma ya jukwaa, ngozi zikaushwe dakika 20 kabla, umbali wa mkono mmoja, zigeuzwe. Tena wapashe upya kabla ya kipindi cha pili.

Saundi_Moshi

Kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kaanze kwa afisa utamaduni wa jiji wiki hii hii. Kwenye saundi cheki anzeni na ilimba, muheme ufuate, bendi ya fanki iwe ya mwisho. Mkianza na bendi, ilimba haitapata nafasi tena.