UKOO WA BABU KIBOSHO 🍌

29 Aprili

Shangazi Mary 20:04
Jamani habari za jioni. Suala la Neema bado linaning'inia. Keshokutwa tarehe 1 Mei ndiyo mwisho wa kuthibitisha chuo huko Marekani, na baba yake anahamia Texas mwezi wa saba. Kila mtu aseme neno, si kupita kimya kimya

Shangazi Mary 20:05
Kaka Elia najua uko kazini, huko ni mchana

Shangazi Mary 20:19
Wifi naona tiki za bluu

Deo 20:26
Texas si kwenye ng'ombe? Mahari itakuja na malori 😂😂

Mama Happy 20:27
😂😂😂

Shangazi Mary 20:28
Deo naongea mambo ya maana

Shangazi Mary 20:33
Nimeongea na mtoto. Kakubaliwa chuo kikuu cha Minnesota, huko wanakoishi sasa, na kakubaliwa cha Austin, huko Texas. Akienda Austin mwaka huu analipishwa kama mtu wa nje, ada zaidi ya mara tatu ya wenyeji. Uenyeji mpaka mzazi awe amekaa Texas miezi 12 kabla masomo hayajaanza. Akibaki Minnesota ndiyo anaachwa peke yake na ile baridi

Mama Happy 20:41
Si aje KCMC? Anasomea udaktari hapa hapa, anakula mtori wa Bibi

Shangazi Mary 20:42
Hataki udaktari. Anataka kompyuta

Mama Happy 20:42
Haya

Deo 20:50
Kwani huko ukivuka jimbo ada inabadilika? Mimi nilitoka Moshi nikaenda UDOM, hakuna aliyeniuliza kwetu wapi

Shangazi Mary 20:52
Chuo cha umma kinabebwa na kodi za wenyeji wa jimbo. Wewe wa nje unajibeba

Baba Kelvin 20:58
Mimi sina la kusema. Mambo ya ada za watu niliyamaliza mwaka ule lilipouzwa shamba la ukoo, kihamba cha mtoni

Shangazi Mary 20:59
Baba Kelvin tafadhali

Baba Kelvin 21:00
Nimesema sina. Wengine tulibaki gereji Majengo na spana, mwingine akapanda ndege. Leo tunaitwa kushauri

Deo 21:03
Umeme umekatika Kibosho yote au ni kwangu tu

Kelvin 21:04
Ni kwako ba mdogo, nunua Luku 😂

Baba Neema 21:31
Samahanini, nilikuwa kazini. Kuna njia ya tatu. Tuhame naye, aanze koleji ya jamii, chuo cha miaka miwili cha kuanzia. Hata kwa bei ya mtu wa nje ni nafuu kuliko Austin. Zile kozi za msingi, krediti 42, akizimaliza zote vyuo vya umma vya Texas vinazipokea. Ila Austin ataomba upya, na wanaweza kumkataa

Baba Neema 21:32
Kaka, la kihamba tuongee Desemba uso kwa uso

Baba Kelvin 21:33
Desemba ipi

Babu 21:44
🎤 Ujumbe wa sauti 1:12

Kelvin 21:47
Kwa wasio na bando: Babu anasema kihamba alikiuza yeye, na pesa aliihesabu yeye. Asisikie tena kikitajwa kwenye simu. Halafu anauliza, Neema si yumo humu, mbona hajaulizwa

Baba Kelvin 21:58
Shikamoo Baba. Nimesikia

Shangazi Mary 21:59
Neema mwanangu, haya sema

Shangazi Mary 22:15
Neema?

Neema 22:38
Shikamooni. Nilikuwa darasani. Mimi nataka Minnesota, lakini kama wataendelea kunihesabu mwenyeji hata baba akihama. Nimeandikia ofisi yao tangu wiki iliyopita, hawajajibu

Shangazi Mary 22:39
Wiki nzima!! Kaka piga simu sasa hivi

Baba Neema 22:44
Kesho asubuhi ya huku

Shangazi Mary 22:45
Basi kesho saa mbili usiku ya kwetu wote humu. Baba Kelvin na wewe

Mama Neema 22:51
Wifi, saa mbili yenu mimi niko zamu. Na hilo la mtoto kubaki peke yake sijalikubali