Tupeane uzoefu: faili la databesi kutoka Windows kwenda Linux lilivyokutoa jasho

Mtoto wa Chuda: Wakuu, kwema? Jamaa wa Chumbageni kaniletea faili la .sql, yaani amri za databesi kwa maandishi, kwenye flashi, limetolewa Windows, anataka liingie seva ya Linux leo leo. Kulifungua tu, ^M kila mwisho wa mstari. Nimekumbuka mbali. Wenye visa mwageni hapa.

Binti Muheza: Hizo ^M nazichukia kuliko kunguru wa sokoni.

Fundi Makorora: Langu ni la chama kimoja cha akiba na mikopo, sikitaji. Orodha ya wanachama ilitoka Excel ikawa CSV, maandishi matupu yenye koma, aliyenitangulia akaiingiza MySQL, programu ya databesi, kwa amri ya LOAD DATA, akaniachia ufunguo wa ofisi akaondoka. Kolamu ya mwisho ni namba ya simu. Sasa Windows inamaliza mstari kwa baiti mbili, 13 na 10. MySQL usipoiambia LINES TERMINATED BY '\r\n' inakata kwenye 10 tu, ile 13, ndiyo hiyo ^M, inabaki imeng'ang'ania simu ya mtu. Kwa macho huioni.

Siku ya gawio foleni imefika barazani kwa muuza kahawa. Mama mmoja katoa kitabu chake: "Mwanangu, mimi mwanachama tangu ofisi iko barabara ya nane." Namtafuta kwa simu, hayupo. Wa nyuma yake, hayupo. Natafuta kwa jina, huyo hapo, na simu ni ileile! Nyuma washaanza kunong'ona kwamba wamefutwa, mwenyekiti ananitazama kama mimi ndiye niliyekula hela.

Kilichoniokoa ni jedwali lenyewe kwenye skrini: ule mstari wima wa kulia ulikuwa umerukia kushoto, mwanzo kabisa. Nikauliza LENGTH, yaani urefu, simu ya tarakimu 10 ikajibu 11. Nikauliza HEX, yaani baiti zenyewe, zote zinaishia 0D, ndiyo 13. Nikapiga UPDATE kwa TRIM(TRAILING '\r' FROM simu), ikakata ile 13 ya mwisho, foleni ikatembea. Yule mama akasema, "Kumbe ilikuwa haijaamka."

Mvuvi wa Deep Sea: Gawio lilikuwa shilingi ngapi kwa hisa?

Fundi Makorora: Kaka, tunazungumza databesi.

Mvuvi wa Deep Sea: Si ndimo hela zilimo?

Binti Muheza: Na yule aliyekuachia ufunguo mlimpata?

Kichwa Linux: Windows tupa kule. Piga dos2unix, inageuza miisho ya mistari ya Windows iwe ya Linux, mchezo umekwisha.

Shangazi IT: Usiwadanganye watoto. Kama ni nakala ya databesi ya PostgreSQL iliyotolewa kwa pg_dump -Fc hilo si maandishi, ukilipitishia dos2unix kwa nguvu unaliua. Na Windows msiisingizie, baiti mbili zilitoka kwenye teleprinta: moja kurudisha kichwa mwanzo wa mstari, nyingine kusogeza karatasi. Unix ikaona 10 inatosha. Mac za zamani, kabla ya OS X, zikachukua 13 peke yake.

Kichwa Linux: dos2unix yenyewe inaruka faili za baineri, Shangazi.

Shangazi IT: Inaruka mpaka aje mtu kama wewe aweke -f ya kulazimisha.

Binti Muheza: 😂😂 Mie mteja alinitumia .gz, faili lililobanwa, kwa FTP ya modi ya ASCII, ile ya maandishi inayogeuza miisho ya mistari. Lilifika limebadilika ukubwa, gzip ikagoma kabisa. Ikabidi atume upya kwa modi ya baineri.

Mkazi wa Pongwe: Mimi nimesafisha ^M zote, bado MySQL inakataa mstari wa kwanza kabisa.

Shangazi IT: Limetolewa kwa PowerShell na alama ya >? Ile 5.1 inaandika UTF-16, mfumo wa herufi ambao MySQL haiutarajii. Rudi Windows, tumia mysqldump --result-file, hiyo haichezei herufi wala haigeuzi miisho ya mistari.

Mkazi wa Pongwe: Ndiyo, PowerShell. Ubarikiwe.

Mtoto wa Chuda: Jamaa yangu hawezi kurudia, ofisi imefungwa, mwenye ufunguo yuko Pangani.

Kichwa Linux: dos2unix.

Shangazi IT: Kwa .sql ya maandishi sawa, ila fanya kwenye nakala. La kwenye flashi usiliguse.

Mtoto wa Chuda: Limeingia! Ila programu inasema hakuna jedwali linaloitwa Wanachama.

Shangazi IT: Windows ililihifadhi kwa herufi ndogo, na Linux inatofautisha kubwa na ndogo. Hilo fungulia uzi wake.